Ufa Kwenye Mpira wa Kipimo

Rusimbi, Kigoma

Mama yangu,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Natumaini baridi ya Njombe haikuzuii kwenda kanisani. Mimi mwili ni mzima, ila moyo hautulii. Nakaa, nasimama, natoka nje, narudi. Nikitoka kazini natembea hadi Bangwe kuangalia ziwa, na nikifika nashindwa hata kukaa.

Uliponipigia simu nilikwambia nina kazi nyingi. Haikuwa kazi, Mama. Ilikuwa aibu.

Unajua nililetwa huku kupima upepo kwenye chumba kipya cha upasuaji. Feni inasukuma hewa safi kwenye njia za bati juu ya dari. Mimi natoboa tundu kwenye bati, naingiza mrija mwembamba uliounganishwa na kipimo kwa mipira miwili ya kupitisha hewa, nasoma upepo unakwenda kwa kasi gani. Ukipungua, chumba hakifunguliwi, maana hewa chafu itabaki juu ya mgonjwa.

Mwezi uliopita nilipata upepo mdogo kila tundu. Nikatangaza kwamba bati zinavuja kwenye maungio. Aliyeziunga ni Mzee Bitaliho, fundi bati wa Kidahwe, rika la marehemu Baba. Akasema kwa upole, "Mwanangu, hebu pima tena."

Nikamjibu mbele ya watu wote, "Mzee, kipimo hakidanganyi."

Injinia wa jengo akamwondoa siku hiyohiyo. Akakusanya nyundo na mikasi yake ya bati, akaondoka bila kuniangalia.

Mafundi wapya wakaziba upya maungio ya upande mmoja. Nikapima: upepo uleule. Nikafanya nilichopaswa kufanya kila asubuhi: nikapuliza kidogo kwenye mpira, nikaubana, nikaangalia namba. Inatakiwa isimame. Ikashuka. Mpira ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Nilipoweka mpira mpya, upepo ulitosha kila mahali, hata upande ambao kazi ya Mzee haikuguswa.

Jumamosi nikapanda basi la Kasulu, nikashuka Kidahwe. Nilimkuta nyuma ya nyumba anachambua chikichi na mkewe. Nikapiga magoti.

Mkewe ndiye aliyeanza. "Kumbe ni wewe! Watu wawili waliotaka awaezekee nyumba wamemkataa. Wanasema kazi yake inavuja."

"Nisamehe, Mzee," nikasema. "Kipimo changu ndicho kilichokuwa kibovu. Sikukikagua."

Aliendelea kuchambua. "Yale maneno uliyasemea wapi?"

"Saiti, mbele ya watu."

"Basi huku Kidahwe umefuata nini?"

Jumatatu nikamweleza injinia. Akanionya: "Badilisha karatasi ya vipimo kimya kimya, yaishe. Ukiyasema hadharani, vipimo vyako vyote vitarudiwa, na mimi sitakutetea."

Nikayasema, Mama. Mafundi wote walisikia. Mzee, ambaye nilimwomba aje, alikuwa amesimama mlangoni, shati limepigwa pasi. Hakutabasamu. Akanyoosha mkono: "Nipe huo mrija."

Nikamwonyesha namna ya kuuelekeza ukabiliane na upepo. Akapima tundu moja baada ya jingine, akitaja namba kwa sauti kubwa. Alipomaliza akaufuta mrija kwa kitambaa chake, akanirudishia. "Sasa andika." Akasimama hapohapo mpaka nikaweka sahihi.

Amerudi kazini. Wale watu wawili nao nimewafuata mwenyewe. Mmoja amemwita, mwingine bado. Mimi ndiye sijui nimesimama wapi. Vipimo vyangu vyote vinarudiwa kweli, na ofisi inamleta mtu wa kunisimamia. Huenda nikarudishwa, huenda nikabaki. Kila gari likiingia getini nashtuka.

Nifikishie salamu kwa dada Tumaini anayekuuguza. Mwambie asikuache ubebe maji. Msalimie mjomba Alfonsi wa mashine ya kusaga, na shangazi Yusta, mwambie dagaa nimeshamtafutia.

Leo mchana nilikuwa napandisha ngazi, Mzee Bitaliho akaniita kutoka chini: "Edina! Mpira umeukagua?"

"Ndiyo, Mzee."

"Shuka. Ukague mbele yangu."

Nikashuka, nikapuliza, nikabana. Tukaiangalia namba pamoja mpaka akaridhika.

Niombee, Mama.

Mwanao,
Edina