Ile Paipu Sikuilehemu

Ndalu, Jumamosi

Wafula, bakoki wangu,

Tulitahiriwa msimu mmoja, tukauguza vidonda chini ya paa moja, kwa hiyo sitakuzungusha kwa salamu ndefu. Miezi minne imepita tangu tukuzike. Lile lori la dizeli ulilokuwa ukiendesha, ambalo tajiri wetu alilinunua kwa mzungu wa shamba likiwa tayari limechoka, walilivuta kutoka mtoni kwa trekta. Sasa liko nyuma ya kinu chake, halina magurudumu, na kuku wanataga kwenye kiti chako. Mkeo Nekesa bado yuko kwako na watoto, lakini ndugu zako hawapiti tena pale, na kanisani amehamia nyuma karibu na mlango.

Wanasema ulikuwa umelewa.

Walisema siku ile ile, mahindi yakiwa bado yanaelea majini. Eti Wafula amerudia busaa. Wazee wa kanisa wakakunyima wimbo hata mmoja. Tulikufukia kimya kimya, wewe uliyeacha pombe miaka mitatu, ukanifanya hata mimi nione haya kupita karibu na chungu.

Sasa nisikilize.

Unakumbuka lori lilivyoanza kuzima lenyewe milimani. Tulihangaika nalo wiki nzima. Tulilegeza nati ya pampu, tukasukuma dizeli kwa mkono mpaka povu likaisha, likawaka, likaenda maili tatu, likazima tena. Mimi nikailaumu pampu. Wewe ulilala chini yake pale Saboti, ukapitisha vidole kwenye paipu ya shaba inayotoka tangini, ukatokea na matope masikioni. "Si pampu, bana. Paipu imepasuka hapa, inanyonya hewa." Nikaupaka ule ufa sabuni ya kufulia, nikaufunga kitambaa, likapanda mlima. Ukacheka, ukasema, "Hii sabuni ni ya kutufikisha Kitale. Si ya kukaa nayo."

Tulipofika Kitale ukanipa paipu niipeleke ikalehemiwe, wewe ukaenda kupakua magunia. Wafula, sikuipeleka. Yule fundi wa kulehemu alikuwa amenicheka mbele ya madereva, eti mimi kazi yangu ni kufunga kamba tu, na sikutaka kumpigia magoti. Nilikaa nyuma ya soko nikapaka sabuni mpya, nikazungushia kitambaa na uzi, nikafunika yote kwa grisi nyeusi ili usione. Ukaniuliza, "Imeshika?" Nikajibu kwamba imelehemiwa vizuri. Hukukagua. Nani hukagua neno la bakoki wake?

Siku tatu baadaye tulikunywa chai pamoja Saboti asubuhi, ukaondoka na mzigo wa kwanza, nami nikabaki nikishona magunia ya mzigo wa pili. Ulipoanza kupanda ule mlima baada ya daraja, sabuni iliachia. Injini ikavuta hewa, ikazima. Lori lile ulilijua: injini ikizima, breki nazo zinaisha nguvu, unakanyaga ni kama unakanyaga jiwe. Likarudi nyuma na mzigo wote mpaka mtoni.

Niliposikia mayowe nilikimbia hadi darajani, nikafika watu wakikutoa majini. Sikuja kwako kwanza. Lori lilikuwa limelala ubavu, tumbo nje, na spana nilikuwa nayo mfukoni. Nilifungua paipu, nikaificha ndani ya koti, ndipo nikaja kukushika mkono. Ulikuwa bado una joto. Hilo silimezi, Wafula.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi nilificha, kilio kikakuangukia wewe.

Jana nilikwenda kwa Nekesa. Nilimkuta akipukuchua mahindi. Nikaiweka paipu kwenye ungo mbele yake, nikasema yote, tangu sabuni hadi koti. Aliigeuzageuza, akakwangua sabuni iliyosalia kwa ukucha. Kisha akasema, "Shemeji, mimi nilisimama hapo kwa kaburi nikamwambia, umeniachia watoto kwa sababu ya busaa. Na wewe ulikuwa karibu yangu. Si ulinisikia?"

Nilimsikia. Nilikuwa nimeshika sepetu, nikaendelea kufukia.

Kesho nitasimama mbele ya wazee na paipu mkononi, kabla ya mahubiri, niseme kwamba asubuhi ile ulikunywa chai tu, na kwamba aliyekuua ni mimi. Nitawaomba waje nyumbani kwako wakuimbie. Wakinitenga, wanitenge. Tajiri akinipeleka polisi, nitakwenda kwa miguu yangu. Nakuahidi, na safari hii usiniamini mpaka uwasikie wakiimba. Nekesa amesema atakuja, ila tusiongozane njiani.

Lala, bakoki. Msamaha siuombi kwako leo, wangu usubiri. Nakuomba jambo moja tu. Maneno yale ya kaburini usimhesabie mkeo. Yalitoka kinywani mwake, lakini niliyeyasema ni mimi.

Simiyu