Mizunguko Miwili na Nusu

Rumonge, Jumapili alasiri

Kwa kaka yangu mpendwa Aruna, huko Kigoma,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Namwomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na wifi Aziza na watoto wote, na hasa yule wa mwisho aliyekuwa na kikohozi tulipozungumza mwezi wa Ramadhani. Sisi huku hatujambo. Mvua imechelewa kidogo, lakini mawese yapo, na wiki hii ndagala wamevuliwa wengi hata paka wa jirani wamekuwa wakichagua.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia na simu ninayo. Kaka, kwenye simu nikimtaja Baba tu, wewe unakumbuka ghafla kwamba kuna mtu anakuita nje. Miaka kumi na moja mtu huyo anakuita tu. Barua haikatiki, nami nina jambo refu. Nitampa mama Zipora, yule anayevusha mawese kwenye mpaka wa Kabonga, na nitamwapisha akukabidhi mkononi. Tafadhali isome mpaka mwisho, hata ukikasirika katikati.

Gereji ipo palepale. Mimi ndiye fundi sasa, hilo unalijua. Wapo wateja wageni wanaonikuta chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana, wakiona ni ya mwanamke wananiuliza fundi yuko wapi. Nawaambia ametoka kidogo, wasubiri. Wanakaa, wananitazama nikifanya kazi, na baada ya muda wanaona haya wenyewe. Baba hukaa kwenye kiti chake cha kamba karibu na mlango. Ananifundisha kwa macho tu. Nikimletea plagi anaitazama rangi yake na kuniambia kama gari linakula mafuta mengi au machache. Lakini kusikiliza injini, hapana. Tangu siku ile gari lilipowafia Muhuta hajaishika bisibisi yake ndefu ya mpini wa mti, ile aliyokuwa akiuweka mpini nyuma ya sikio na ncha juu ya injini, anafumba macho, na watu wote tunanyamaza. Mtu akimwomba asikilize, anasema sikio limekufa.

Lile gari letu la Peugeot 404, la rangi ya maziwa, lilikuwa chini ya turubai miaka yote hii. Mwaka jana akaanza kunisumbua mwalimu Venanti. Humjui, anafundisha ufundi kule Gatete, alikulia ukimbizini Tanzania, na akiona gari la zamani anasahau alikokuwa akienda. Alitaka tulifufue. Nilikataa, kisha nikakubali, na sababu nitakuambia bila kuficha: nilitamani kuisikia sauti yake. Ulipokuwa ukirudi kutoka Bujumbura nilikuwa naisikia tokea kwenye kona ya juu, naenda kubandika chai, na chai ikichemka wewe unaingia. Nimekukumbuka sana, kaka. Sijui kama mtu anaweza kuzoea kukumbuka, mimi sijazoea.

Tulifanya kazi miezi mitatu. Nilisafisha tangi, nikabadili mipira ya breki, nikaifungua kabureta na kuiosha kipande kwa kipande. Injini ikawaka, lakini ikawa inakohoa. Ndipo Venanti akaja na mashine ya kupima moshi ambayo shule yao ilipewa msaada. Ni sanduku la ukubwa wa redio kubwa, lina mpira mrefu wenye mrija wa chuma mwishoni. Mrija unauingiza ndani kabisa ya bomba la moshi, injini ikiwa imeshapata moto na inaunguruma papo hapo bila kukanyagwa, ile tunayoiita ralanti, na sanduku linakuandikia kwa namba kilichomo ndani ya moshi: petroli iliyopita bila kuungua, na ile hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Venanti alisema kwa gari la umri huu, hewa ya sumu ikiwa sehemu mbili na nusu hivi katika mia, hapo ndipo penyewe. Ikizidi, petroli ni nyingi mno. Ikipungua mno, injini ina njaa.

Mashine yenyewe ina maringo. Kabla ya kazi inataka ipate joto, tena ivute hewa safi, basi ikabidi tusukume gari mbali na wanawake waliokuwa wakichemsha mawese, maana moshi wa kuni ungeidanganya. Halafu namba zikawa hazieleweki mpaka nikagundua bomba letu lina tundu la kutu, linavuta hewa ya nje. Nikaliziba. Baba alikuwa kwenye kiti chake akitutazama kama anavyotazama watoto wanaojenga nyumba ya mchanga.

Mambo yalipokaa sawa, nikashika bisibisi niizungushe ile skrubu ndogo ya kabureta, inayoamua petroli kiasi gani ichanganyike na hewa. Unaifahamu. Ukiilegeza petroli inaongezeka, ukiikaza inapungua. Venanti akanizuia. Alikuwa amesikia habari za sikio la Baba, na watu hawa wa shule wanapenda kujaribu mambo. Akamwomba Baba aitengeneze yeye kwa kusikia, na mashine igeuzwe upande, asiione. Baba akakataa. Venanti akaomba tena kwa heshima, akasema kama sikio limekufa basi mashine itathibitisha na hatamsumbua tena. Nadhani ni neno hilo lililomwinua.

Aliiomba bisibisi yake. Nilikuwa naihifadhi, imepakwa mafuta. Akaweka mpini nyuma ya sikio, akafumba macho, tukanyamaza. Kisha akaishika skrubu akaizungusha taratibu, robo kwa robo, mbele, nyuma kidogo, akaacha. Akasema hapo. Venanti akasoma: mbili nukta nne. Venanti akaizungusha skrubu ovyo makusudi na kumwambia arudie. Baba akarudia. Mbili nukta tano. Mara ya tatu, mbili nukta nne tena. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Alimshika Baba mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili, akamwambia sikio hilo ni zima kuliko mashine.

Mimi nilidhani Baba atafurahi. Kaka, uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeletewa habari ya msiba. Aliiweka bisibisi chini, akamshukuru mwalimu kwa murakoze moja, akaingia ndani. Siku tatu alikula kidogo sana. Siku ya nne akaniambia nilirudishe turubai, na kama Venanti anataka gari alichukue. Nikamuuliza kwa nini, wakati sikio lake limeonekana ni zima. Akanijibu:

"Heri ningebaki kiziwi, mwanangu."

Sasa turudi pamoja kwenye siku ile, maana naona wewe uliondoka na nusu yake, Baba akabaki na nusu nyingine.

Wewe unakumbuka kwamba Baba aliitengeneza injini Ijumaa mchana, na Jumamosi mkaenda Buyenzi, kule Bujumbura, wewe, yeye na wazee, kupeleka posa kwa kina Kaoutar, msichana uliyetaka kumwoa. Mkasimama Muhuta kununua samaki wa mikeke wa kupeleka ukweni. Injini ikafa hapohapo ikiwa ralanti, ikakataa kuwaka, plagi nyeusi kama sufuria ya mawese, betri ikaisha kwa kujaribu. Wenyeji wakangoja tangu adhuhuri mpaka alasiri, kisha mjomba wake Kaoutar akasema posa iliyokatika njiani ni nuksi. Wiki mbili baadaye Kaoutar akaozwa kwa mtu wa Uvira. Baba alikuwa ametoka kuugua malaria na kunywa kwinini nyingi, masikio yake yalikuwa yakilia, basi kila mtu alijua kosa liko wapi. Na wewe ulimwambia uani, majirani wakisikia, kwamba sikio lake limekufa na amekuzika nalo. Kesho yake ukapanda gari la Nyanza-Lac. Hukurudi.

Lakini lipo ambalo Baba hakumwambia mtu. Alinieleza siku hiyo ya nne. Pale Muhuta alipoifungua kabureta aliikuta skrubu imelegea mno, na alipoirudisha mahali pake alihesabu mizunguko. Skrubu ile ina springi, haijilegezi yenyewe kwa mtikisiko wa barabara. Mkono wa mtu uliizungusha. Na mikono iliyokuwa ikigusa injini ile nyumbani kwetu ni miwili, wake na wako. Tena asubuhi ya safari ni wewe uliyeosha gari na kufungua boneti kuongeza maji. Basi ama yeye alikosea kwa sababu ya ukiziwi, ama wewe hukutaka ile ndoa, ukaliharibu gari, ukamtukana ili kufunika. Aliniambia hivi, nakuandikia kama alivyosema:

"Miaka kumi na moja, kila asubuhi, nilikuwa nachagua. Ama mimi iko kiziwi, ama mutoto wangu iko muongo. Nikachagua ukiziwi. Sasa ile mashine imeninyang'anya."

Kaka, unaelewa? Mzee aliacha kazi aliyoipenda kuliko chakula, akakubali kuitwa sikio-bovu mji mzima, ili asikushuku wewe. Na mimi nilikuwa nimesimama mbele yake nikifuta mikono kwa tambara.

Mikono haikuwa miwili. Ilikuwa mitatu. Mimi hakuna aliyenihesabu, kwa sababu nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita anayeleta chai. Lakini nilikuwa naleta chai huku natazama. Nilijua skrubu ni ipi na inageukia wapi. Ijumaa ile, mlipokwenda kuswali magharibi, nilifungua boneti nikailegeza kwa kisu cha jikoni.

Sikutaka kukudhuru, wala sikuwa na chuki na Kaoutar, maskini. Nilikuwa nimesikia kwamba baba yake anataka ukishaoa uhamie Buyenzi ukamsimamie duka lake la vipuri. Mama alipotutoka nilikuwa na miaka minane. Wewe ndiye uliyenisuka nywele, vibaya, shuleni wakinicheka, nami sikumruhusu mtu azifumue. Nilifikiri gari likigoma, safari itasogezwa, nitakuwa nawe wiki moja zaidi. Wiki moja tu, kaka, ndiyo niliyoitaka. Nilipowaona mnarudi jioni mmefungwa kamba nyuma ya lori la mawese, na uso wako ule, nilitaka kusema. Wiki mbili zile kila siku nilitaka kusema, mwisho ukawa umeondoka. Baada ya hapo kila siku iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu kuliko jana. Nilishika bisibisi nikawa fundi, watu wakanisifu kwamba namsaidia baba yangu. Nilikuwa nalipa, na deni halikupungua hata kidogo.

Nilimwambia Baba yote haya nikiwa nimepiga magoti pale kwenye mafuta. Hakupandisha sauti. Aliniuliza swali moja:

"Uliizungusha mara ngapi?"

Nikasema mara mbili na nusu.

Ndiyo hesabu aliyoipata pale Muhuta, na hakuwahi kumtajia mtu. Alifumba macho kama anavyofumba akisikiliza injini. Kisha akaenda kutawadha, akaswali alasiri, mimi nikabaki palepale. Aliporudi alisema nikuandikie, na maneno yake ni haya: "Umuambie Aruna simudai radhi. Ni mimi namuomba yeye. Kumushuku sikumushuku, lakini kila asubuhi niliiona ile shaka imesimama pale mulangoni."

Kwangu mimi hajasema kama amenisamehe. Chai yangu anaipokea, anakunywa, lakini haniiti jina. Ni haki yake. Na wewe pia sikuombi unisamehe kwa barua. Ukinikasirikia miaka mingine kumi na moja nitakuwa naijua sababu. Ila usimnyime tena Baba sauti yako kwa kosa langu. Amezeeka, Aruna. Akipanda ngazi ile ya uani siku hizi anasimama katikati.

Turubai halikurudi juu ya gari. Jana Baba mwenyewe alilipaka gari nta. Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya sala, tutaliendesha mpaka Kabonga na kulisimamisha karibu na mwalo wa wavuvi, pale njia ya kutoka kwenu inapoteremkia. Vuka uje. Kama hutaki kuniona, mimi nitakaa kando, kwa wauza samaki, hutalazimika kunisalimu.

Nisalimie wifi Aziza, mbusu mgonjwa wetu wa kikohozi, na wale wakubwa waambie babu yao anauliza vimo vyao. Mwalimu Venanti anakusalimu ingawa hamjaonana. Mungu akulinde njiani na akuongoze kwa wema.

Nilikuwa nimekwisha kufunga bahasha, Baba akaniambia niifungue niongeze hili. Wajua petroli huku imekuwa adimu, tunaitafuta jerikani kwa jerikani, na Baba ni mtu wa kuzima injini hata kwenye mteremko. Amesema siku hiyo tukifika Kabonga injini isizimwe. Iachwe ralanti hapohapo, mchana kutwa ikibidi, mpaka uje uisikie kwa masikio yako.

Mdogo wako,
Mwanahamisi