Vitabu Nilivyovipanga kwa Urefu

Jumatatu, 3 Februari

Mbao zimechelewa tena. Nimezisubiri kwenye kituo cha Adams hadi saa nne nikimlaani dereva wa lori. Halafu mjini, kuanza kazi ya kurekebisha rafu za maktaba ya zamani ya udaktari. Nilitarajia chumba cha makaratasi. Nimeingia nikavua kofia bila kuambiwa. Vitabu hadi dari, vingine vimejalidiwa kwa ngozi. Rafu za mvule, hazina msumari hata mmoja. Nani alizitengeneza? Namwonea wivu.

Madam Kemunto, mkutubi, amenifungulia kitabu kimoja. Mchoro wa mkono uliochunwa ngozi, kila mshipa mahali pake. Njia nzima hadi nyumbani Dagoretti nimekuwa nikiuangalia mkono wangu.

Jumanne, 4 Februari

Rafu za ukuta wa dirisha zimepinda. Nimeteremsha vitabu vyote, nikavirundika sakafuni.

Madam ana wasiwasi. Ijumaa kamati inakuja. Itataja vitabu, yeye avitoe. Akishindwa, chumba kinafungwa na vitabu vinapelekwa stoo, huko kwa panya. Havina namba. Anakijua kila kitabu kwa mahali kinapokaa, kama mtu anavyoijua swichi ya nyumbani kwake.

Jumatano, 5 Februari

Rafu zimenyooka. Madam alikuwa kwenye mkutano, nikaona nimsaidie. Nimerudisha vitabu mwenyewe. Vizito chini, vifupi juu, vyote kwa urefu. Fundi yeyote angefanya hivyo. Mzigo lazima ukae sawa. Nilisimama mlangoni nikajipongeza.

Aliporudi aliketi kwenye ngazi.

“Fundi, umenimaliza. Hii ukuta ilikuwa na mpango yake.”

Basi. Hakupaza sauti. Afadhali angenitukana. Mimi ni mjinga.

Alhamisi, 6 Februari

Nilifika kabla yake. Nikachomoa kitabu kirefu cha bluu. Jalada limepauka juu, chini bado bluu kabisa, na katikati kuna mstari ulionyooka. Nikaelewa. Mbao nazo hufanya hivyo hivyo. Jirani mfupi alikikinga na mwanga miaka yote hiyo.

Nikatoa tepu. Nikapima mstari, nikatafuta kitabu cha urefu huo. Kikakaa barabara. Kingine. Kingine. Madam alipoingia nilimwonyesha. Akavua viatu.

Siku nzima hivyo. Mimi napima, yeye anakumbuka. Vilivyolingana urefu aliviamua mwenyewe, akifumba macho na kunyoosha mkono hewani. Wakati fulani alishtuka: “Haki ya Mungu, hapa ndio ilikuwa!” Akacheka.

Vitabu vimeandikana vyenyewe, kila kimoja juu ya jirani yake. Sijawahi kuona kitu kama hiki. Saa kumi na mbili jioni tumemaliza. Vichache hatuna uhakika navyo. Naogopa.

Ijumaa, 7 Februari

Sikuwa na kazi yoyote pale. Nimejifanya napiga msasa fremu ya mlango.

Watu watatu. Mzee wa miwani alitaja kitabu cha ugonjwa wa malale. Madam alikiendea moja kwa moja. Cha pili vivyo hivyo. Cha tatu mkono wake ulisita, ukarudi nyuma kidogo. Msasa uliniponyoka. Akachomoa. Mzee akasoma jina, akatikisa kichwa kukubali.

Chumba kinabaki. Nimelia chooni. Sioni haya kuandika.

Jumamosi, 8 Februari

Maktaba hufunguliwa nusu siku. Nimevaa shati la kanisani.

Askari alinisogezea daftari la wageni. Nilikuwa sijalijaza hata mara moja. Mafundi hupitia nyuma. Jina. Saa. Sababu ya kuja. Nilikaa na kalamu kwa muda, kisha nikaandika: kusoma.

Madam alinivutia kiti. Nimemaliza kurasa mbili kuhusu sikio, Kiingereza kigumu, sentensi nyingine nimezirudia mara tatu. Saa saba wakafunga.