Kivimbe Kisichouma

Scola na Pamela wanangu,

Ndizi za mtori nimeshamenya, ziko kwenye maji. Ng'ombe akatiwe majani mapema. ~~Baba yenu msimwambie.~~ Baba yenu mwambieni, nimeenda kulazwa hospitali mjini.

Scola, asubuhi ulinikuta naoga ukauliza titi lina nini, nikakufokea. Lina kivimbe tangu kabla ya Krismasi. Hakiumi, ndiyo maana nilikidharau. Tena shangazi yenu alisema kisu kikigusa, ugonjwa unasambaa. Jumanne nikamwambia daktari hivyo, akasema, "Mama, unasambaa ukikaa nao nyumbani." Watatoa titi, halafu nitachomwa sindano za dawa miezi kadhaa, na nywele zitanyonyoka. Msinicheke! Anasema hakijafika kwapani, na wanaowahi hivi wengi hupona. Hakuniapia, nami sikumwapisha.

Nanyi jipapaseni kila mwezi. Ukikuta kitu, sema siku hiyohiyo, hata kama hakiumi. Msiwe wajinga kama mimi.

Scola, sijawahi kuona mama akimpa mtoto wake jani la isale kumwomba msamaha, lakini hilo jani juu ya meza nimekuchumia wewe. Nisamehe. Kesho ulete mtori mwenyewe, usimtume Pamela.

Mama yenu