Kiti cha Mama na Bei Niliyoingojea

Gurei, Juba

Mdogo wangu Nafula,

Nakusalimu wewe, nasalimu Mama pamoja na mkono wake uliofungwa plasta. Bado unamuuma akilala? Anakula vizuri? Sukari yake mnaipima au mmechoka? Mimi nipo. Mwili ni mzima, roho ndiyo imenichafuka, na ukisoma utaona ni kwa nini.

Najua utashangaa kupata barua wakati tuliongea kwa simu juzi tu. Ni kwa sababu yako wewe. Ukipokea simu yangu unaweka spika ili Mama naye asikie, na haya si ya masikio ya Mama. Barua hii nimempa dereva aliyeleta vitunguu, anarudi Busia na lori tupu. Isome jikoni, mlango ukiwa umefungwa.

Nafula, pesa za kiti cha magurudumu, kile anachokihitaji Mama tangu sukari imnyang'anye mguu, nilikuwa nazo tangu kabla ya Pasaka. Kila uliponiuliza nikasema nangoja mambo yakae sawa, mambo yalikuwa sawa. Zilikuwa kwa Abdirahman, yule jirani yangu wa Garissa mwenye duka la kutuma pesa, na kila nikipita ananiuliza kama nimeamua.

Sasa nikueleze ujinga wangu. Kabla ya Pasaka alikuja kibandani kwangu katika soko la Konyo Konyo dada mmoja wa kwetu, mhasibu wa shirika fulani, nimpime gauni. Nikamwonyesha kwa simu kiti nilichokiona kwenye duka la mtandaoni la Nairobi, wale wanaokuletea mzigo hadi Busia. Nikamwambia bei inaniuma. Akacheka. "Auntie, siku hizi hakuna anayenunua hivyo. Kuna programu ya bure. Unaiwekea kitu unachotaka, unaandika bei yako, halafu unalala. Yenyewe inachungulia kila siku, bei ikishuka inakuandikia." Akaniwekea hapo hapo, sindano zikiwa bado begani mwake.

Bure! Unajua sisi tulivyolelewa. Mama ameuza omena Busia miaka yote ile, na alitufunza kwamba anayelipa bei ya kwanza amekosa wa kumfunza. Unataja nusu, unanuna, unaondoka, unahesabu hatua mpaka muuzaji akuite. Basi nikaandika bei yangu, chini kabisa, nikajiona mjanja kuliko Nairobi yote.

Hiyo bure yenyewe sikwambii. Niliwapa barua pepe yangu, na tangu siku ile naletewa viatu vya kukimbilia, majani ya kupunguza tumbo, mapazia, pete za uchumba. Nani anapunguza tumbo Juba? Watu hapa matumbo yamejipunguza yenyewe. Na kila tangazo linakula bando langu, ambalo huku unalinunua kwa machozi.

Lakini kilichonitia kichefuchefu ni mchoro. Programu ile inakuchorea mstari wa bei tangu mwanzo, hapa imepanda, hapa imeshuka. Wakatangaza ofa kubwa, nusu bei, maandishi mekundu. Nikaufungua mchoro. Nafula, walikuwa wameipandisha bei wiki mbili kabla, polepole, kisha wakaikata kwa wino mwekundu na kuirudisha pale pale ilipokuwa. Halafu wanaiita zawadi! Nilitema mate chini, wateja wakanitazama. Nikaapa kwamba hao wezi hawatakula hata senti yangu mpaka waseme bei ya kweli.

Na siku hiyo hiyo akaja mama mmoja kutoka mtaa wa Lemon Gaba kutafuta sare za watoto wake wanne. Dola ilikuwa imepanda asubuhi, nami nikapandisha, nikaongeza kidogo juu ili nikipunguza aone nimemhurumia. Akashika kitambaa, akakirudisha. "Ya mama, da katir," akasema, eti ni ghali mno, akaenda zake. Sikumwita. Mwaka ule wa uhuru wa nchi hii nilishona bendera mpaka vidole vikavimba, na watu walinunua bila kuuliza wakiimba. Sasa vita vimerudi, kila mtu anamng'ata mwenzake, nami meno ninayo pia. Nilirudi kwenye cherehani nikiwa nimejichukia.

Hapo ningenunua kiti, sivyo? Sikununua. Kila jioni kabla ya kufunga kibanda nilifungua ukurasa wa kile kiti, nikakitazama, nikaufunga kwa hasira, kama mtu anayeondoka dukani. Nilikuwa nangoja kuitwa. Abdirahman aliniona, akatikisa kichwa. "Mama, mwenye duka haoni uso wako. Hajui umekuja, hajui umeenda. Sasa unapatana na nani?" Nikamwambia subira huvuta heri. Mama Brenda, yule Mganda wa maharage tunayepakana, naye akadakia: "Pesa iko, mama iko nateseka, sasa wewe nangoja nini? Mimi hapana elewa." Wakacheka wote wawili. Nikawajibu vibaya, nikawaambia hawajui biashara.

Ikaja wiki ya risasi. Gurei iko karibu na mambo yale, wewe ulisikia kwenye redio. Tulilala sakafuni siku tatu, mimi na Mama Brenda na wanawe, tukila maharage yake makavu tuliyoyaloweka tu, maana kuwasha moto ni kuwaonyesha watu kuna chakula. Mtandao ulikufa. Tulipotoka, kibanda kilikuwa kimevunjwa, vitambaa vyote wamebeba. Cherehani ilibaki kwa sababu ni nzito, na hata mwizi wa Juba ni mvivu. Waliobeba nimewaona wakiuza vitambaa vyangu barabarani, na nikauliza bei kama mgeni. Harufu ya soko siku hiyo sitaki kuikumbuka.

Mtandao uliporudi simu ililia mfululizo. Viatu, mapazia, majani ya tumbo. Katikati yake ujumbe: bei uliyoitaka imefika. Ilikuwa imefika siku ya pili tukiwa sakafuni. Ilikaa siku mbili, ikapanda tena, juu kuliko ilivyokuwa kabla ya Pasaka.

Ndipo nikakupigia, Mama akiwa amelala, ukaniambia alianguka.

Uliniambia huku unalia kwamba mlikuwa mnampeleka kliniki kwa wilbaro kama kawaida, gurudumu likaingia shimoni, akatupwa mzima mzima na mguu wake mmoja, mkono ukavunjika. Nikakuuliza lini. Ukasema Jumanne, wiki moja kabla ya risasi zetu. Nikakufokea kwa nini hukuniambia mapema. Ukasema Mama alikukataza. Alisema, "Msimwambie Nekesa. Atanunua kwa haraka, wamuibie."

Nilikata simu. Hukujua ni kwa nini, ukadhani ni mtandao.

Nikaufungua mchoro, Nafula. Ule mchoro haufichi kitu, una kila siku yake. Nikaitafuta Jumanne ile. Kiti kilikuwa kimebakisha shilingi mia nne kifike pale nilipokitaka. Mia nne! Kuku wa Busia hununui kwa hizo, na mimi nimenunua mkono wa Mama uliovunjika. Sijawahi kumchukia mtu jinsi nilivyomchukia huyu anayeshona na kula na kuitwa mimi.

Nilikimbia kwa Abdirahman. Akatoa pesa, akalipa kwa laini yake ya Kenya, bei iliyoandikwa pale, sikukata hata shilingi. Nilivyozoea, nilingoja kidogo, kana kwamba kuna mtu angeniongezea kitu juu. Hakuna mtu. Ile programu nimeifuta.

Kiti kitafika kwa ofisi ya mizigo pale stendi kabla ya mwisho wa wiki ijayo. Nenda na kitambulisho chako. Kagua breki, kagua magurudumu yote mawili makubwa, usiwaamini. Usimpeleke kliniki kwanza. Mpeleke sokoni, upande wa omena, ili wenzake wamwone ameingia akiwa ameketi wima.

Nisalimie mume wako, mwambie ahsante kwa kumbeba Mama begani siku za mvua. Nisalimie shangazi anayelala na Mama, na mwalimu wa kwaya asiyechoka kuja kumwombea. Wewe una haki ya kunikasirikia na sitakukataza. Ukitaka kumwambia Mama habari ya Pasaka, mwambie, ila nakuomba ungoje mkono upone.

Najua atauliza bei kabla hajakikalia. Mwambie nilipatana mpaka muuzaji akanuna. Acheke. Na akikuuliza kama nilinunua kwa haraka, mwambie hapana. Hapo hutakuwa umemdanganya.

Ni mimi dada yako,
Nekesa