Foleni Mbili za Agra

Mama,

Asubuhi hii nimechemsha tena chai ya watu wawili. Nimekuwa nikifanya hivyo tangu tukuzike, na Zehra, binti yangu na mjukuu wako, ameacha kunikosoa. Anakunywa ile ya pili kimya kimya ingawa sote tunajua tangawizi haipendi. Theluji imelifunika bonde la Don lote, naliona kutoka hapa mezani. Ungekuwepo ungeshalalamika kwamba hita inakukausha koo, na papo hapo ungenikataza kuizima.

Sikuandikii ili nilie. Nimeshalia vya kutosha. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo lilitokea msikitini siku ya kisomo cha kukuombea, na mtu wa kwanza niliyetaka kumhadithia ni wewe, halafu nikakumbuka. Lakini jambo lenyewe siwezi kulieleza bila kuanzia Agra, na Agra siwezi kuifikia bila kupitia kwenye kopo.

Kopo unalijua. Lile la biskuti lenye picha ya Taj Mahal kwenye kifuniko, ulilotoka nalo Mwanza likakufuata mpaka huku Kanada, Flemingdon Park. Nilipoolewa na mwanao Murtaza nikaingia katika nyumba hii, bibi harusi mgeni kutoka Tanga, nilikuwa na njaa na nilikuwa na haya ya kuomba chakula. Nikalifungua. Nikakuta sindano, nyuzi, na vifungo vya mashati ambayo wenyewe walikwisha kufa zamani. Ukanikuta nimelishika. "Chimbua zaidi, labda utapata hata zipu," ukasema, kisha ukaenda kunipakulia wali. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yako, Mama. Kwanza unanichoma, halafu unanilisha.

Watu hawakutuelewa. Wewe Mhindi wa Mwanza, kamwili kadogo, mtandio umeufunga chini ya kidevu. Mimi Mdigo wa Tanga, mweusi tii, nimekuzidi kimo kwa kichwa na mabega. Wakituona kwenye lifti nimekushika mkono, waliniuliza huwa nakuhudumia siku ngapi kwa wiki. Kliniki waliniambia nisubiri nje, wanaoruhusiwa kuingia ni familia tu. Murtaza alipokuwa hai alikuwa akinijibia. "Huyu mke wangu," anasema, na mlango unafunguka. Alipofariki, jibu hilo nalo likaenda naye.

Nilikaa eda katika chumba changu na wewe ndiye uliyenipikia uji. Mwanao umemzika, magoti yanakuuma, lakini kila asubuhi nilisikia mwiko wako ukigonga sufuria. Eda ilipokwisha ndipo woga ukaanza. Wifi yangu Nargis, binti yako, alikuwa akipiga simu kila jioni kutoka Calgary: Mama njoo, chumba kiko tayari, huko umebaki na nani? Nilisikia kila kitu kutoka jikoni kwa sababu wewe simu ulikuwa ukiizungumza kama unayemwita mtu ng'ambo ya ziwa. Na jibu lako siku zote lilikuwa moja: "Tutaona."

Mimi hiyo tutaona niliielewa kwa namna yangu. Mama mkwe anakaa kwa mwanawe. Mwana hayupo. Basi mimi ni nani tena kwako? Swali hilo nililibeba kwenye basi la kwenda Eglinton, nikalibeba kazini, nikarudi nalo. Nikikuona unakunja nguo, nadhani unafungasha. Lakini kukuuliza nilishindwa. Niliogopa utanijibu.

Ndipo siku moja ukaliweka kopo mezani, ukakigonga kifuniko kwa kidole.

"Nataka kwenda kuliona hili," ukasema.

"Kulionaje, Mama, si unalo hapa?"

"Lenyewe. La mawe. Twende mimi na wewe. Habari za Calgary tutazungumza tukirudi."

Zehra akapanga yote kwenye simu yake: ndege mpaka Delhi, na kutoka Delhi siku nzima ya Agra, gari letu peke yetu, dereva wetu, na kiongozi wa kututembeza. Nilifungasha nguo nikiamini kabisa ile ni safari ya kuagana. Niliona unataka kuniachia kumbukumbu nzuri kabla hujaondoka. Nikakukunjia hata sweta zako nzito, nikijiambia nijizoeze.

Unamkumbuka Bwana Mishra, kiongozi wetu? Shati limepigwa pasi mpaka linang'aa, mwavuli kwapani. Alikufungulia mlango wa gari, akainama, akakumiminia Kihindi cha haraka haraka. Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza kwa Kiingereza kama nesi angependa kukaa mbele na dereva. Wewe ulikuwa ukiitikia kwa kichwa kwa heshima zote, ndiyo, ndiyo. Alipomaliza ukanigonga kiwiko.

"Kasemaje?"

"Anasema karibu nyumbani, Mama. Anauliza umeshakunywa chai."

Yule bwana alinitazama nikadhani mwavuli utamdondoka. Angejuaje? Nyumbani kwenu mlizungumza Kikachi, lugha ya mababu zenu, na Kiswahili, na baba yako sinema za Kihindi alizipiga marufuku, hutakiwi hata kupita barabara yenye jumba la sinema. Sisi Tanga hatukukosa hata moja. Tulilia kabla mwenyewe wa kwenye filamu hajaanza kulia. Kwa hiyo siku ile huko India, mzee wa Kihindi alitafsiriwa Kihindi na Mdigo.

"Mwambie nyumbani kwangu ni Mwanza," ukasema. "Na chai sijanywa."

Nikamwambia, kwa Kihindi changu cha sinema, ambacho kila sentensi hutoka kana kwamba naachana na mtu kwenye mvua. Dereva alicheka mpaka akafuta macho. Bwana Mishra hakucheka, alikuwa bado anapiga hesabu kichwani mimi ni nani.

Langoni pale Taj Mahal tukakuta foleni mbili, ya wenyeji na ya wageni, na tiketi ya wageni ni ghali mno. Bwana Mishra akakusogelea, akashusha sauti. Nia yake ilikuwa njema, simlaumu. Alisema wewe sura unayo, ukinyamaza tu unapita na wenyeji, nafuu na haraka. Huyu nesi wako ndiye apange kule kwa wageni, mtakutana ndani.

"Kasemaje?" ukaniuliza.

Nikakutafsiria yote, sikupunguza wala sikuongeza. Tangu nizaliwe sijatafsiri maneno mazito kama yale. Nilipofika kwenye "mtakutana ndani" nikajifanya nakohoa vumbi.

Ukaiangalia foleni ya huku, ukaiangalia ya kule. Kisha ukaukamata mkono wangu, ukamgeukia Bwana Mishra, na kwa vipande vya Kihindi ulivyokuwa navyo ukamwambia, "Ye meri beti hai." Huyu ni binti yangu. Hapo sikuhitaji kutafsiriwa, Mama. *Beti* Tanga nzima tunaijua. Halafu ukanirudia kwa Kiswahili, umenuna: "Mwambie sote wawili ni wageni hapa. Asitutenganishe tena."

Tukapanga kwa wageni. Jua likatupiga. Askari wa ukaguzi akakunyang'anya kifuko chako cha chevda, kile kitafunwa chako cha pilipili, na ulivyomtazama nadhani usiku ule hakulala. Wakatupa vile vifuko vya kuvalisha viatu, ukavivaa, ukawa unateleza kama bata kwenye barafu huku unacheka. Mimi moyoni nilitaka kuruka, lakini nikajizuia. Nilijiambia mtu anaweza akakuita beti mbele ya watu, na bado akahamia Calgary.

Ulipoliona jengo lenyewe ulisimama umelikazia macho. Nikadhani unaomba dua.

"Kopo wamelipaka rangi vibaya," ukasema. "Mbingu ya kijani wameitoa wapi?"

Ndani kwenye makaburi hukujali mambo ya ufalme. Watu wanasukumana, wanaguna kwa mshangao wa zile nakshi, wewe umeinua mikono unawasomea Fatiha yule malkia na mumewe kama unavyowasomea maiti wote. Mwishoni midomo yako ikatamka jina la Murtaza. Nami nikaitikia amina, nikakushika bega tukatoka.

Baada ya chakula ukasema miguu imekwisha lakini ngome hukubali kuikosa, hela imeshalipwa. Ngome ya Agra, ile nyekundu. Bwana Mishra, ambaye kuanzia langoni alikuwa anatuita "Ma-ji na binti yake", yaani mama mheshimiwa na bintiye, alitupeleka kwenye kibaraza cha marumaru juu kabisa. Ng'ambo ya mto, ndani ya ukungu, Taj Mahal ilionekana ndogo, saizi ya ile ya kwenye kopo. Akatuambia hapo ndipo mfalme aliyeijenga alipofungiwa uzeeni na mwanawe mwenyewe, akawa analitazama kaburi la mkewe kwa mbali mpaka akafa.

"Muulize nani alikaa naye humu," ukaniambia.

Nikamuuliza. Akasema binti yake mmoja. Wala hakufungwa, alikuja mwenyewe, akamtunza baba yake hadi mwisho.

Nikakutafsiria. Uliegemea nguzo, ukavuta mtandio. Kisha bila kunitazama ukaniuliza:

"Na wewe, nani kakulazimisha kukaa na mimi?"

"Hakuna, Mama."

"Basi mbona hujaniambia nibaki?"

Maneno yote niliyoyazungusha kwenye basi miezi yote ile yakanipotea.

"Nargis nimeshamwambia siendi," ukaendelea. "Nimemwambia kabla hatujapanda ndege. Baridi ya Calgary ni ya wazimu. Lakini nimekaa nangoja wewe useme, nangoja, husemi. Nyumba sasa ni yako, mwanangu hayupo. Nitajikaribishaje mwenyewe? Nilipokuona unanikunjia sweta nikasema basi, huyu ananitoa."

Mama, nililia palepale kwenye kibaraza cha wafalme, kamasi zinanitoka, nacheka. Wewe ulidhani nakufukuza, na mimi nilidhani unaniacha, na wote tunakula sahani moja. "Baki," nikasema. "Baki, Mama, nakuomba." Ukajibu, "Sasa ndiyo unasema, koo limeshanikauka." Bwana Mishra akadhani ni habari za mfalme zilizoniliza. Akaniletea maji, amefurahi kwamba kazi yake kaifanya vizuri.

Njia nzima ya kurudi Delhi ulilala begani kwangu mdomo wazi. Sikumbuki kama nimewahi kuwa mwepesi vile maishani. Nilikaa naangalia taa za malori bila kufikiri chochote.

Ukabaki. Miaka ile yote tuliyoongezewa, tulizozana juu ya hita, juu ya chumvi, juu ya Zehra kukujibu Kiingereza ukimsemesha Kiswahili. Kliniki ulikuwa unaingia mwenyewe kwanza na kunionyesha kwa fimbo: "Family!" Hilo neno la Kiingereza ulilitamka vizuri kuliko mengine yote.

Sasa nikwambie la msikitini.

Siku ya kisomo wanawake walikuja wengi, ukumbi wa kina mama ulijaa. Nargis alikuwa amekaa mbele, kwenye viti vya wafiwa, na watu wamepanga foleni wanapita kumpa mkono wa pole. Mimi nilitoka jikoni, nimefuta mikono, nikajikuta sijui niende wapi. Murtaza hayupo wa kunisemea. Wewe ndiyo usiseme, wewe ndiye tuliyekuzika. Wa kunitambulisha walikuwa wawili, na wote wako chini ya udongo wa Kanada. Kwa hiyo nikafanya kama wageni wote. Nikaenda nikasimama mkiani mwa foleni, ili nami nikampe Nargis pole ya kufiwa na mama yake.

Nilikuwa nimebakiza watu watatu hivi aliponiona. Akanyanyuka. Unajua Nargis alivyo, mnene kidogo, na macho yalikuwa yamemvimba. Akawapita wale wanawake, akanikamata mkono palepale uliponikamatia wewe.

"Wifi, umekuja kunipa pole mimi?" Kiswahili chake kimeshaanza kupata kutu huko Calgary, lakini hayo aliyasema sawasawa. "Hiyo foleni ya wageni. Mama kila Idi kwenye simu ananihadithia Agra, mpaka nimechoka. Unataka usiku anijie ndotoni anigombeze kwamba nimekutenganisha?"

Nilikuwa nadhani ile ni siri yetu. Kumbe ulikuwa ukiitangaza kila Idi, na sauti yako ile.

Akaniketisha kwenye kiti cha kando yake. Foleni ikaendelea, na sasa ikawa inapita na kwangu. Akaja mama mmoja wa kutoka Parkdale nisiyemfahamu, mzee, akaniangalia usoni, akanipa mikono yote miwili. Akasema, "Pole, mwanangu, kwa kufiwa na mama."

Miaka yote hii mtu akikuita mama yangu nilikuwa namrekebisha haraka, nisije nikaonekana najipachika: mama mkwe, ni mama mkwe wangu. Safari hii sikumrekebisha. Nilisema asante, nikamsogezea Nargis leso, nikapokea pole zangu mpaka foleni ikaisha.

Kopo liko hapa karibu na chai. Sindano zako zimo, na vifuko vya viatu vimo, jozi mbili. Lala salama, Mama. Hita nimeiacha inawaka.

Mwanao,
Mwanaidi