Walituhamisha Mtoni

Alunguli, mwezi wa tano 1934

Kwa yaya yangu mpenzi Françoise, dada yangu mkubwa,

Salamu nyingi zikufikie huko Tunda, wewe pamoja na shemeji Edouard na watoto. Natumaini barua hii inawakuta mmeamka vema, mihogo imeshika, na lile goti lako limeacha kukusumbua. Chumvi uliyotutumia kwa mkono wa watu wa treni ilifika, na tunashukuru sana, ingawa mfuko ulikuwa umelowa.

Yaya, habari za huku ni nzito. Nitakupa moja moja, kama zilivyotufikia.

Mwaka jana, mvua zilipoanza, Bwana Administrata alivuka kutoka Kindu pamoja na daktari na askari. Alitukusanya sisi watu wa ukingoni, akasema kwa kinywa cha mkalimani kwamba mbung'o wa kando ya maji ndio wanaoleta malale, ugonjwa wa kulala. Kila nyumba iliyo karibu na mto Lualaba lazima ihame, ikajengwe barabarani, kwenye njia ya Pangi. Baba alisimama, kasia lake la kuvushia watu mkononi. Unamjua, hakuwa mtu wa kubishana na wakubwa. Aliuliza kwa adabu: "Na watu, Bwana, nani atawavusha?" Mkalimani hakulipeleka swali hilo. Alimwambia akae chini.

Baba alikaa, lakini hakunyamaza. Alisema Lualaba si maji ya kuchota tu. Luama inawaleta watu wa Kabambare na mafuta yao, Elila inawaleta Warega na nyama kavu, Kasuku inatoka porini upande wa pili, na chini zaidi iko Ulindi, kwenye njia ya masua, zile meli za Ponthierville. Mito yote hiyo inaishia kwetu. Alisema muntu wa Lualaba hafi njaa, kwa sababu shamba lake likikataa, kila mwaka kuna mto mmoja kati ya hiyo uliobarikiwa, na baraka yake itapita mlangoni pake. Askari walimwacha aseme. Alipomaliza, waliwasha moto nyumba ya kwanza.

Mtumbwi wake waliukata kwa shoka. Ulikuwa unayumba kwenye matope, basi wakamwamuru Baba aushike usitikisike. Aliushika, yaya. Nilikuwa nimesimama karibu, nikaona mikono yake inaruka kila shoka linapoingia.

Huku barabarani tumepewa udongo mwekundu na mbegu za pamba. Kijito kilichopo kinakauka jua likikaza. Samaki tunanunua kwa wachuuzi, samaki wa maji yetu wenyewe, wameshanyauka na wanatoa harufu. Kuhusu mume wangu Roger, aliyechukuliwa kwenda kuchimba dhahabu kwenye migodi ya Kama, mtu mmoja wa huko aliniambia amehamishiwa shimo jingine juu ya Elila. Mwingine akaniambia udongo ulimwangukia. Niliwauliza sana. Kila mmoja alishika neno lake, nami nimebaki kati, si mke wala mjane.

Baba hakuweza jembe. Alfajiri moja alirudi mtoni, wakamkuta amekaa ndani ya kipande cha mtumbwi kilichobaki. Walimfunga mikono wakamvusha mpaka jela ya Kindu. Aliyemvusha ni Onema, yule kijana aliyejifunza kasia kwake. Onema alikuja baadaye kunieleza kwamba alilia njia nzima, na Baba njia nzima alikuwa akimwelekeza pa kupita, kwa sababu maji yalikuwa yamejaa.

Yaya, ukiwa umesimama, kaa chini kabla ya kuendelea kusoma. Umwite shemeji akae karibu nawe.

Baba alitoka jela na kikohozi, amekonda mpaka sikumtambua alipokuwa bado njiani. Aliyakataa maji ya kijito. Alisema hayana safari, yamekaa tu kama mgonjwa. Nikawa ninakwenda kumchotea Lualaba, nikipita vichakani ili polisi wa chifu wasinione. Alikuwa akinywa kidogo, kisha anaweka kibuyu shavuni. Alifariki asubuhi ya Jumapili, mkono wake katika wangu. Aliomba azikwe ukingoni, alipolala Mama. Nilimpigia chifu magoti. Alisema naye anaogopa kufungwa. Tumemzika kando ya barabara, na malori ya pamba yakipita, vumbi lote linamshukia. Nisamehe kwamba hukupata habari mapema. Niliogopa kuiandika.

Sasa liko neno moja jingine. Nilitaka kulificha, lakini linamgusa mtoto wangu.

Mwezi uliopita infirmie Jacques, muuguzi wa daktari, alikuja na mashine yake ya kutazamia damu. Alitupapasa shingo wote kwa mstari. Kwangu vidole vyake vilisimama juu ya tezi iliyovimba. Nilimwambia ni uchovu wa shamba, ni huzuni ya msiba. Alinijibu kwa upole: "Scholastique, usinipe shida. Njo malale, ndiyo yenyewe." Labda mbung'o aliniuma katika njia ya kumchotea Baba maji, labda siku nyingine. Kama ni njia ile, sijutii. Ninasinzia mchana nikiwa nimeshika sufuria, na jana nilimwita mwanangu Victorine kwa jina lako.

Victorine ni mzima, damu yake safi, na Jacques amempa karatasi ya kusafiria. Mimi watanipeleka kambi ya wagonjwa mara lori litakapokuja. Waliochukuliwa kabla yetu, sijasikia aliyerudi. Mmoja tu alionekana Kindu, na alikuwa kipofu kwa sababu ya sindano. Kambini watoto hawaruhusiwi. Hapa hakuna ndugu aliyebaki wa kumwachia.

Njoo umchukue, yaya. Usijibu barua hii, jibu halitanikuta. Panda treni tu. Ukifika Kindu, mtafute Onema kivukoni, akuvushe. Victorine ana miaka saba, hawezi kula sombe ya majani ya mihogo bila pilipili, na akiogopa hasemi, anashika nguo ya mtu. Sijamwambia lolote. Akikuuliza nimekwenda wapi, usimdanganye kwamba nitarudi. Nilimdanganya hivyo kuhusu baba yake, na mpaka leo kila lori likisimama anakimbia kutazama anayeshuka.

Mungu akulinde njiani. Nisalimie shemeji, nisalimie watoto kila mmoja kwa jina lake, na majirani wote wanaotukumbuka. Victorine amelala miguuni pangu ninapoandika, naye angekusalimu.

Ni mimi mdogo wako,
Scholastique